Muuguzi wa Zamu ya Usiku Aruhusiwe Kupasua Hogo: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa muuguzi mstaafu. Sehemu kubwa ya utumishi wangu ilipita katika wodi za majeruhi, hospitali za wilaya na za mkoa, nikiwauguza waliovunjika mikono, miguu na nyonga. Ombi langu ni moja. Wizara itoe waraka unaompa muuguzi wa zamu idhini ya kupasua hogo linalombana mgonjwa, saa yoyote ya usiku au mchana, bila kusubiri daktari afike. Na kifaa cha kulipasulia kikae wodini.

Najua mezani kwako yanafika mambo makubwa kuliko hili. Najua pia tulikotoka. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) ilianzishwa mwaka 1996, na leo Bugando na KCMC nazo zinapokea majeruhi wa kanda zao. Lakini kijana aliyeanguka na bodaboda Tunduru au Kibondo hafiki Muhimbili siku hiyo hiyo. Anapelekwa hospitali iliyo jirani, anapigwa picha, mfupa unanyooshwa, anafungwa hogo la jasi (P.O.P.), anapelekwa wodini. Daktari anaendelea na wagonjwa wengine. Kuanzia hapo mguu ule ni amana ya muuguzi, na saa za hatari zaidi mara nyingi huangukia usiku.

Mfupa ukivunjika, damu huvuja ndani ya nyama na mguu huvimba. Uvimbe huendelea kupanda siku ya kwanza na ya pili, na hogo likishakauka halitanuki. Shinikizo hupanda ndani ya misuli mpaka damu inashindwa kupita katika mishipa midogo. Misuli iliyonyimwa damu huanza kuharibika kwa saa chache tu, na zikishapita kama saa 6 sehemu yake kubwa huwa haiokoleki tena. Haya si mageni. Daktari Mjerumani, Richard von Volkmann, alieleza mwaka 1881 jinsi mkono uliofungwa kwa kubanwa unavyoishia kuwa na vidole vilivyojikunja visivyonyooka. Mpaka ninastaafu, nilikuwa bado naletewa watoto wenye mikono ya aina hiyo. Wengine walifungwa kwa vijiti na waunga mifupa kijijini, na wengine walifungwa na sisi wenyewe hospitalini.

Kinachoniuma ni kwamba hatari hii hujitangaza mapema. Kwanza huja maumivu yanayozidi badala ya kupungua, hata baada ya sindano. Ukimnyoosha mgonjwa vidole taratibu, anaruka kwa uchungu. Baadaye inakuja ganzi, kisha vidole vinakataa kujongea. Ukibonyeza ukucha, rangi inachelewa kurudi. Nasisitiza hapa jambo linalowaponyoka hata wenye uzoefu: mapigo ya damu unyayoni yanaweza kuwa bado yapo, na vidole bado vina joto, huku misuli ndani inakufa. Anayesubiri mapigo yapotee ndipo ashtuke amechelewa.

Namkumbuka dereva mmoja wa bodaboda aliyevunjika muundi. Alifungwa hogo jioni, kuanzia pajani mpaka karibu na vidole. Nilipopokea zamu asubuhi nilisoma faili lake. Saa tatu usiku, analalamika maumivu, amechomwa sindano. Saa sita, analalamika tena, ameshauriwa avumilie. Saa tisa, hajalala. Mama yake alikuwa amekaa sakafuni kando ya kitanda, ameshika vidole vya mwanaye. Akaniambia, "Sista, tangu usiku nikivigusa ananiambia hasikii." Vidole vilikuwa vimevimba mpaka vinang'aa. Nilikisogeza kidole gumba kidogo tu, akapiga yowe wodi nzima ikaamka. Msumeno wa kupasulia hogo ulikuwa umefungiwa chumba cha upasuaji, na mwenye ufunguo alikuwa ameshaondoka. Mguu haukukatwa, tunamshukuru Mungu, lakini unyayo wake haukuinuka tena. Akawa mtu wa kuburuta mguu, na kazi ya pikipiki ikaishia pale.

Mheshimiwa, muuguzi wa usiku ule hakuwa mzembe. Alikuwa peke yake na wodi iliyojaa, na alikuwa na hofu ambayo nimeisikia kila nilipofanya kazi: hogo limefungwa na daktari, nikilipasua mfupa ukahama, nani atanitetea? Hofu hiyo haiondoki kwa semina. Inaondoka kwa karatasi yenye muhuri. Mfupa uliohama unaweza kunyooshwa upya, lakini misuli iliyokufa haina dawa. Tena hogo lililopasuliwa vizuri na kufungwa bendeji iliyolegea bado hushikilia mguu.

Waraka huo uwe mfupi, wa Kiswahili, ubandikwe ukutani kwenye meza ya wauguzi. Utaje dalili nilizozitaja. Useme vidole vya mgonjwa aliyefungwa hogo vikaguliwe kila saa kwa saa 24 za mwanzo, na matokeo yaandikwe. Useme dalili zikijitokeza hogo lipasuliwe urefu wake wote, pamoja na pamba ya ndani, mpaka ngozi ionekane, kwa sababu pamba iliyoloa damu ikikauka nayo hubana. Mguu uliokuwa umeinuliwa juu ya mito ushushwe, ulale usawa wa moyo. Daktari aitwe wakati huo huo, maana mgonjwa anaweza kuhitaji upasuaji wa kuifungua misuli usiku huo huo. Umeme ukikatika isiwe sababu: hogo la jasi hulainika kwa maji na hukatika kwa mkasi wake.

Wapo pia wanaofungwa hogo na kuruhusiwa siku hiyo hiyo. Hao wapewe kadi inayosema ni dalili zipi ziwarudishe mara moja, hata kama ni usiku wa manane, na kituo cha afya chochote watakachokimbilia kikiiona kadi hiyo kijue kinaruhusiwa kupasua.

Hospitali za wilaya ziko chini ya TAMISEMI, kwa hiyo nakuomba waraka utolewe kwa pamoja, na Baraza la Uuguzi na Ukunga lithibitishe kwa maandishi kwamba atakayepasua hogo kwa kufuata utaratibu huu hataitwa kujieleza. Hakuna jengo la kujenga wala mashine ya kuagiza nje. Waraka huu hauna haja ya kusubiri bajeti ya Julai.

Wako katika utumishi,

Muuguzi mstaafu, wodi ya majeruhi