Kilichomzuia Asiyeona ni Kitufe, si Macho

Kuna kauli ambayo hapa Meru na Embu hutolewa kwa wepesi wa ajabu: kwamba michezo ya simu ni mambo ya macho, kwa hiyo asiyeona hana sehemu humo. Wazazi huisema, walimu huisema, na kinachokera zaidi, huisema hata vijana wanaosomea kutengeneza programu, ambao ndio wangepaswa kujua ukweli. Kipofu na gemu wapi na wapi? Wengi wanaouliza hivyo hawana nia mbaya, na baadhi yao huuliza kwa huruma kabisa. Lakini huruma haigeuzi uongo kuwa kweli, na kauli hii ni uongo. Tena ni uongo wenye madhara, maana umewapa watengenezaji wa michezo ruhusa ya kuacha kazi yao nusu na kumtupia lawama mchezaji. Asiyeona hazuiwi kucheza na macho yake. Anazuiwa na kitufe ambacho mtu aliyelipwa kukiweka hakukipa jina.

Simu zenyewe zinathibitisha hilo. Simu nyingi za Android zinazouzwa Maua, Nkubu na Runyenjes huja na TalkBack, programu inayosoma kwa sauti kilichoko kwenye skrini. iPhone nazo zina VoiceOver tangu 2009. Asiyeona hupitisha kidole, simu ikamtajia vitu kimoja baada ya kingine, na akifikia anachotaka hugonga mara mbili. Kwa njia hiyo watu wasioona hutuma pesa, hujibu ujumbe wa WhatsApp, husoma magazeti na hubishana kuhusu siasa za kaunti kama jirani zao. Kisha mtu huyohuyo, kwa vidole vilevile na simu ileile, anafungua mchezo wa karata au drafti, na simu inanyamaza. Au inarudia neno moja lisilomsaidia: kitufe, kitufe, kitufe. Sababu yake ni ya kawaida kabisa katika ufundi huu. Michezo mingi hujengwa kwa injini kama Unity, ambazo huchora skrini nzima kama picha moja. Ndani ya picha hiyo TalkBack haitambui karata wala kete mpaka mtengenezaji aandike kwa maneno kwamba hapa pana mfalme wa kopa, hapa pana kitufe cha kuchukua karata, na sasa ni zamu yako. Kazi hiyo ni kuandika majina na kuyapanga kwa mfuatano unaoeleweka. Mwaka 2023 kampuni ya Unity iliongeza zana za kuiunganisha michezo ya simu na TalkBack na VoiceOver, kwa hiyo hata kisingizio kwamba injini haina njia kimekwisha. Kilichobaki ni uamuzi wa mtu aliyekaa mbele ya kompyuta yake.

Wameru wana mchezo wa mashimo na mbegu uitwao kiothi, ndugu wa bao la pwani na ajua ya Nyanza. Mashimo yanagusika na mbegu zinahesabika kwa vidole. Asiyeona akikaa mbele ya ubao huo anaweza kujua hali ya mchezo sawa na mpinzani wake, akapanga hatua tatu mbele, akamla. Hakuna aliyelazimika kuubadilisha mchezo kwa ajili yake, kwa kuwa habari zote anazozihitaji mchezaji ziko mahali mkono unapofika. Sasa chukua mchezo wa aina hiyo, uingize kwenye simu, uchore ubao wa mninga unaong'aa na mbegu zenye kivuli, usiandike hata neno moja kwa ajili ya kisoma-skrini. Mtu aliyekuwa anashinda jana leo hawezi hata kuanza. Macho yake hayajabadilika tangu jana. Kanuni za mchezo hazijabadilika. Aliyebadilisha kitu ni mtengenezaji, na ndiye anayepaswa kuulizwa. Kila mchezo una kanuni, una hali ya sasa, una uamuzi wa kufanya na una matokeo. Picha ni njia mojawapo tu ya kumfikishia mchezaji hayo, na njia nyingine ni sauti na mtetemo, ambavyo simu ya bei ya chini kabisa inavyo.

Anayetaka ushahidi zaidi ya kiothi atautafuta nje, na ataupata mwingi. Mwaka 1997 Mjapani Kenji Eno alitoa mchezo wa Sega Saturn uitwao Real Sound ambao haukuwa na picha hata moja. Ulichezwa kwa masikio peke yake. Mwaka 2010 kampuni moja ya Uingereza ilitoa Papa Sangre kwa iPhone, mchezo wa kusafiri gizani kwa kufuata sauti. Mwaka 2015 kampuni ya Dowino ya Ufaransa ilitoa A Blind Legend, mchezo wa simu ambao shujaa wake ni mpiganaji asiyeona anayeongozwa na sauti ya binti yake. Mchezaji huvaa vipokea sauti, husikia adui anatokea kushoto au kulia, na huzungusha upanga kwa kuteleza kidole kwenye skrini. Mwaka 2020 The Last of Us Part II, mchezo mkubwa kabisa wa PlayStation, ulitoka na mipangilio zaidi ya 60 ya ufikivu, yaani ya kuwawezesha wenye ulemavu kuucheza, na wasioona wakaucheza mwanzo hadi mwisho. Halafu ukaja mwaka 2023 na Forza Motorsport, mchezo wa mbio za magari, ambao milio yake humwambia mchezaji asiyeona kona inakuja upande gani, akate usukani kiasi gani, afunge breki lini. Mbio za magari! Ukimwuliza yeyote anayeishikilia kauli ninayoipinga ataje mchezo ambao asiyeona hawezi kamwe kuucheza, huenda angeutaja huo wa kwanza. Ikiwa gari linaloenda kasi limewezekana, drafti inashindikanaje? Ludo inashindikanaje, nayo ina dadu moja ya kurusha na kete nne za kusogeza?

Pingamizi ninalolisikia mara nyingi ni kwamba wasioona ni wachache, kwa hiyo hakuna biashara. Pingamizi hilo likitolewa Embu linashangaza zaidi kuliko popote nchini. Sensa ya 2019 iliiweka Embu mbele ya kaunti zote za Kenya kwa kiwango cha watu wenye ulemavu: asilimia 4.4, wakati kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 2.2. Hiyo ni hesabu ya ulemavu wa kila aina, lakini ugumu wa kuona ulikuwa wa pili kwa ukubwa nchini, watu zaidi ya 330,000. Na humo hawamo wazee wote ambao mtoto wa jicho umeanza kuwafifishia herufi, wala kila anayeona vizuri kiasi cha kutembea barabarani ila hawezi kusoma maandishi madogo ya kijivu juu ya rangi ya kijivu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana tatizo la kuona la namna fulani. Mtengenezaji anayetangaza kwamba amejenga mchezo kwa ajili ya soko la dunia nzima, kisha anasema kundi hilo ni dogo, hajafanya hesabu yake.

Lipo pingamizi jingine, dhaifu kuliko yote, na ndilo linalosemwa kwa sauti ya ibada: wasioona wanahitaji vitabu, fimbo na ajira kwanza, michezo ni anasa. Mbona hakuna anayesimama uwanjani Chuka au Runyenjes kuwaambia watoto wanaoona wauweke mpira chini hadi maktaba ijae? Mtoto anayeona hucheza na husoma, na hakuna anayeona kinyume chochote katika hilo. Mtoto asiyeona ndiye pekee anayetakiwa kumaliza shida zote za maisha kabla ya kuruhusiwa kufurahi. Sheria nazo haziungi mkono fikra hiyo. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unasema katika kifungu cha 30 kwamba watoto wenye ulemavu wana haki ya kushiriki michezo na burudani sawa na watoto wengine. Zaidi ya hayo, mchezo ndipo vidole vinapozoea simu. Mtoto wa shule ya wasioona ya St. Lucy's kule Igoji akicheza karata kwa TalkBack, anajifunza kuteleza, kugonga mara mbili, kusikiliza haraka na kukumbuka mpangilio wa skrini, bila mtu kumsimamia. Stadi hizohizo atazitumia kesho kufungua akaunti ya benki na kuandika barua ya kazi. Na kwa kuwa vitabu na ajira vimetajwa, niseme hili pia: kila tarehe 15 Oktoba, Siku ya Fimbo Nyeupe, wanasiasa hugawa fimbo na kupigwa picha, kisha mwaka mzima ofisi nyingi za umma hutoa matangazo ya kazi na basari kama picha za karatasi zilizopigwa muhuri, ambazo kisoma-skrini mara nyingi hushindwa kuzisoma ipasavyo. Wanaodai kuweka elimu na ajira mbele wangeanza na hilo.

Kuhusu gharama, wanaolalamika huwa hawajasema wanahesabu nini. Kukipa kitufe jina wakati unakitengeneza huchukua muda wa kuandika neno. Kinachogharimu ni kukirudia baada ya mchezo kukamilika, wakati vitufe 200 vimeshazikwa ndani ya msimbo ambao aliyeuandika ameshaondoka. Na gharama hiyo ni ya uzembe wa mwanzo. Mambo mengine ni mepesi hivyohivyo. Ludo hutegemea rangi nne, basi kila rangi ipewe na umbo lake, mraba, nyota, duara, pembetatu, na tayari mtu mwenye uoni hafifu au asiyetofautisha nyekundu na kijani anacheza. Watu wengi wenye ualbino huumizwa na mwanga mkali na huhitaji herufi kubwa zenye utofauti wa rangi unaoonekana. Mpangilio wa kukuza maandishi na mandhari meusi unawatosha wengi wao. Muda wa kufikiri uwe unaoweza kuongezwa, kwa sababu anayesikiliza ubao mzima huchelewa kidogo kuliko anayeutupia jicho. Jambo moja tu nawasihi watengenezaji wasilifanye: wasifumbe macho yao kwa dakika tano wakadhani wameshajua. Anayefumba macho kwa mara ya kwanza hugundua jinsi yeye mwenyewe alivyo mgeni gizani, basi. Asiyeona aliyetumia TalkBack kwa miaka husikiliza kwa kasi ambayo mwenye macho hawezi kuifuata, na ndiye anayejua mchezo unamchosha wapi. Aitwe mapema, aulizwe, na alipwe kwa kazi hiyo kama mtaalamu mwingine.

Hakuna kinachosubiriwa tena kutoka juu. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mwenye ulemavu haki ya kufikia habari, na vifaa vya kumwondolea vikwazo vinavyotokana na ulemavu wake. Mwaka 2022 Kenya ilipata kiwango chake cha taifa cha ufikivu wa bidhaa na huduma za teknolojia, KS 2952, baada ya kazi ya Shirika la Viwango la KEBS pamoja na inABLE, shirika lililoanza kwa kufungua maabara ya kompyuta katika shule ya wasioona ya Thika. Mwaka 2025 ikaja Sheria mpya ya Watu wenye Ulemavu, iliyoasisiwa bungeni na Seneta Crystal Asige, ambaye mwenyewe ana ulemavu wa macho. Pengo lililobaki liko darasani, pale kijana anapofundishwa kuchora kitufe kizuri bila kuambiwa kwamba kitufe kisicho na jina hakijakamilika. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kiko Nchiru, Chuo Kikuu cha Embu kiko mjini Embu, na shule ya Igoji iko baina yao, yenye watumiaji wa kisoma-skrini ambao wangeweza kuujaribu mchezo wa mwanafunzi na kuukosoa siku hiyohiyo. Walimu wa kompyuta wa vyuo hivyo viwili, hili liko mikononi mwenu na halihitaji bajeti ya serikali: kuanzia muhula ujao, mradi wa programu ya simu ambao hauwezi kutumika kwa TalkBack usipewe alama ya kupita.