UWANJA WA SHULE NI MALI YA UMMA

Ndugu wanachama, wiki hii twataka kusema juu ya jambo ambalo wengi hulidharau: viwanja vya michezo vya shule zetu, toka Ngara hadi Biharamulo.

Tulipokuwa tukisomea ualimu tulipelekwa kujizoeza kufundisha katika shule moja ya serikali. Uwanja ulikuwapo, lakini ulikuwa ukimegwa kidogo kidogo: kwanza migomba, halafu kibanda, halafu njia ya magari. Tulipoondoka, wavulana walikuwa wakicheza mpira kwenye nusu ya uwanja, na wasichana wamekaa pembeni wakitazama, maana netiboli haikuwa na mahali. Walioumega waliumega mchana kweupe, nasi sote tulinyamaza.

Yafaa tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1961, tulipopata Uhuru, wanafunzi wa sekondari nchi nzima walikuwa 11,832, na wa kidato cha sita 176 tu. Michezo ya sekondari ilikuwa ya hao wachache. Leo sekondari zimefika katani, na ngazi ya UMISSETA iko wazi: mtoto huanza shuleni kwake, akapanda wilayani, mkoani, mpaka taifa. Lakini kipago cha kwanza kikikatwa, nani atapanda?

Wako wasemao kwamba michezo huharibu masomo. Twawaheshimu wazazi hao, kwa kuwa shule imewatoa jasho. Lakini Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule imlee kijana wa kushirikiana na wenzake. Uwanjani mtoto hujifunza kumtii mwamuzi, kumpasia mwenzake, na kushindwa bila chuki. Samaki mkunje angali mbichi.

Tena heshima ya taifa imo humo. Februari 1974, Filbert Bayi wa Karatu alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Septemba 2025, Alphonce Simbu wa Singida alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo, akimpita Mjerumani kwa sehemu 3 tu za mia za sekunde. Wote wawili ni watoto wa vijijini kama wetu.

Basi twadai hivi. Kila tawi likutane na bodi ya shule iliyo jirani. Mipaka ya uwanja ipimwe, iandikwe halmashauri, ipandwe miti. Wasichana wapewe uwanja wao wa netiboli. Aliyelima ndani aachiwe avune, kisha atoke.

Na tuanze na wanachama wenyewe, maana twajua wamo. Chama kisichoweza kumwondoa mwanachama wake kwenye uwanja wa watoto hakina uso wa kumhubiria mwananchi juu ya mali ya umma.

Umoja ni nguvu!