TUSIANGAMIZE MENO KWA JINA LA SUNNA

  

Ndugu Waislamu, kila Ijumaa baada ya swala, mbele ya misikiti yetu hutandikwa majamvi ya biashara. Kando ya kofia, manukato na vitabu vya dua, siku hizi huwekwa pia unga mweusi na vichupa vya maji makali, vikinadiwa kuwa ni “dawa ya Sunna” ya kung’arisha meno. Muuzaji hutaja fadhila za mswaki, kisha hupokea fedha. Tunasema bila kificho: huko ni kumnasibishia Mtume (s.a.w.) jambo asilolisema. Hadithi sahihi za mswaki zimetaja usafi wa kinywa na radhi za Mola. Weupe wa karatasi hazikuutaja.

Binti mmoja wa madrasa yetu, aliyekuwa akijiandaa kuolewa, aliusugua unga huo kwa ndimu asubuhi na jioni kwa miezi 3. Siku ya walima hakuweza kunywa maji ya baridi, na meno yake yalikuwa ya manjano kuliko mwanzo. Wala si ajabu. Jino limefunikwa kwa gamba gumu liitwalo enameli, na chini yake ipo dentini, ambayo kwa asili ina umanjano. Tindikali ya ndimu hulainisha gamba, unga wa mkaa hulikwangua, na umanjano wa chini hudhihiri. Gamba hilo likishaondoka halioti tena.

Mwenye akili huanza kwa kuuliza: rangi hii imetoka wapi? Ikiwa ni ukoga, chai, kahawa, tambuu au tumbaku, rangi iko juu ya jino. Huyo asafishwe na daktari wa meno, aache kinachomchafua, na apige mswaki mara 2 kwa siku kwa dawa yenye floraidi. Mswaki wa mti nao husafisha vyema ukitumiwa kwa upole. Ama ndugu zetu waliokulia Arusha, Meru na kwingineko katika Bonde la Ufa, wengi wao weusi na ukahawia wa meno yao umetokana na maji yenye floraidi nyingi waliyokunywa utotoni, meno yakiwa bado yanajengeka ndani ya fizi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya huko vimepita kiwango hicho. Rangi hiyo imo ndani ya jino lenyewe. Kumwambia kijana wa Meru asugue zaidi ni kumdhulumu mara mbili.

Njia ambayo utabibu umeithibitisha ni peroksaidi, ambayo huingia ndani ya jino na kuivunja rangi. Daktari hutengeneza kifuniko kinacholingana na meno ya mtu, hutia humo jeli, mara nyingi ya peroksaidi ya kabamaidi asilimia 10, na mgonjwa huivaa usiku kwa muda wa wiki 2 hivi. Kwanza hutibiwa meno yaliyotoboka na fizi zinazotoka damu. Meno huweza kupata ganzi kwa siku chache, kisha hutulia. Meno ya bandia na yaliyozibwa hayabadiliki rangi. Huko Ulaya, tangu mwaka 2012, dawa yenye peroksaidi ya hidrojeni zaidi ya asilimia 0.1 hadi 6 haitolewi ila kupitia kwa daktari wa meno, wala haipewi mwenye umri chini ya miaka 18. Iweje kwetu iuzwe juu ya jamvi, bila hata kuandikwa kilichomo?

Wako kwa upande wa pili wanaoharamisha kila tiba ya rangi ya meno kwa hoja ya kubadili maumbile. Nao wamevuka mpaka. Kilicholaaniwa ni kuchonga meno na kuyapasua mianya kwa ajili ya urembo. Kuondoa aibu ni mlango mwingine: Sahaba Arfaja bin As’ad, aliyepoteza pua yake vitani, aliamrishwa na Mtume (s.a.w.) atumie pua ya dhahabu baada ya ile ya fedha kumnukia.

Lawama nyingine ni yetu sisi walimu. Tumefundisha fadhila za mswaki kwa miaka, tukanyamaza jina lake lilipofanywa chambo mlangoni mwetu. Basi kamati za misikiti ziyaondoe majamvi hayo Ijumaa ijayo, na wazazi wawaambie mabinti zao kwamba jino zima lenye umanjano kidogo ni neema ya Allah, na mume anayelikataa hakulistahiki.