Simu na Kompyuta Zimeungana, Ofisi Zinangoja Nini?

Katika kata ya Majengo, mjini Sumbawanga, ofisi inayopokea wananchi wengi wenye shida za Kiserikali haina bendera wala mlinzi mlangoni. Ni duka la steshenari. Humo, kati ya mashine ya fotokopi na marundo ya madaftari, zipo kompyuta za mezani moja au mbili, na mbele yake limewekwa benchi. Hapo huketi kijana anayeomba mkopo wa masomo, mama anayefuatilia cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, na mchuuzi anayetaka kusajili jina la biashara. Aghalabu kila mmoja wao ana simu mfukoni, na baadhi ya simu hizo zina nguvu kuliko ile kompyuta iliyochakaa mbele yao. Hata hivyo wamekuja kulipa ili mtu mwingine awabonyezee.

Wasomaji wetu wa Visiwani wanalijua benchi hilo hata kama hawajafika Ufipa. Mkulima wa mahindi kwenye uwanda ule, mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mkulima wa mwani wa Paje ambaye shamba lake hufunikwa na maji kujaapo, wote wawili siku hizi hukutana na Serikali kwenye kioo. Linalotushughulisha leo ni kioo kipi.

Programu kuu inayoongoza chombo kizima, ambayo wataalamu wetu huiita mfumo endeshi, kwa miaka mingi ilikuwa ya namna mbili: ya mezani na ya kiganjani. Makampuni makubwa yamejaribu kuziunganisha, na si yote yaliyofaulu. Mwezi Oktoba 2012 Microsoft ilitoa Windows 8 yenye sura ya kuguswa kwa vidole. Watumishi waliozoea kipanya na kibodi wakahangaika kukitafuta kitufe cha kuanzia kilichokuwa kimeondolewa. Kampuni hiyo ikajaribu tena mwaka 2015, safari hii kwa Windows 10 ya mezani na ya simu, lakini simu zake hazikupata wanunuzi wa kutosha na mwanzoni mwa mwaka 2020 zilikuwa zimekwisha kuachwa. Mwananchi wa Afrika ya Kusini, Mark Shuttleworth, ambaye mfumo wake umepewa jina la Ubuntu, yaani utu, alitaka simu ambayo ukiichomeka kwenye kioo kikubwa inageuka kompyuta kamili. Mwaka 2013 kampuni yake iliomba umma uchange dola milioni 32. Ahadi zikakomea chini ya milioni 13. Mwezi Aprili 2017 akatangaza kuliacha jaribio hilo.

Lakini kilichoshindikana kwa kuanzia mezani kimefaulu kwa kuanzia mkononi. Mwaka huo huo wa 2017 Samsung ilitoa simu inayoweza kuunganishwa na kioo na kibodi. Novemba 2020 Apple ilianza kuziwekea kompyuta zake chipu za ukoo mmoja na zile za simu zake, na programu nyingi za simu zikaweza kufanya kazi humo. Na mwaka 2025 Google ilieleza kwamba inaunganisha mfumo wake wa kompyuta na ule wa Android, ambao ndio umo katika simu janja nyingi za nchi yetu. Kwa hiyo simu sasa si kompyuta ndogo ya maskini. Ndiyo njia ambayo kompyuta zenyewe zinaifuata.

Sisi tulioanza chuoni kabla ya kupelekwa shule ya Serikali hatukuona ajabu. Asubuhi tuliandika kwa daftari kutoka kushoto kwenda kulia, na jioni kwa ubao kutoka kulia kwenda kushoto, na mtoto alikuwa yule yule. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba ili tusome darasani ni lazima kwanza tuazime macho ya mtu mwingine.

Nchi yetu wenyewe imekwisha kuonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Sensa ya Watu na Makazi iliyoanza tarehe 23 Agosti 2022 ilitumia vishikwambi, ambavyo ni simu kwa tabia na daftari kwa ukubwa. Kwa vyombo hivyo walihesabiwa watu 61,741,120, wakiwemo 1,889,773 wa Zanzibar na 1,540,519 wa Mkoa wa Rukwa. Makarani walivibeba mabondeni na visiwani, na kazi ilipokwisha Serikali iliamua walimu wagawiwe, Bara na Visiwani. Basi ikiwa Taifa zima liliweza kuhesabiwa kwa chombo cha mkononi, ni sababu gani fomu ya kurasa nne ishindwe kujazwa bila kompyuta ya mezani?

Sababu tunaijua, na tungependa wakubwa wetu waisikie bila kukasirika. Anayeagiza mfumo huketi mbele ya kioo kipana, ndani ya ofisi yenye kiyoyozi. Anayeutengeneza huketi mbele ya vioo viwili. Siku ya kuupokea, mfumo huonyeshwa ukutani, nao hupendeza. Hakuna katika mkutano huo anayeufungua kwa simu ya bei ndogo yenye bando la siku moja. Matokeo yake ni maandishi yasiyosomeka, kitufe cha kutuma kilichojificha nje ya kioo, na sharti la kuchapa fomu, kuigongesha muhuri, kuipiga picha na kuirudisha tena mtandaoni.

Gharama ya hayo haimo katika bajeti ya wizara yoyote. Mwananchi huilipa hapo benchini. Tena fedha ni sehemu ndogo ya hasara. Ili kusaidiwa, mwombaji humtajia mtu asiyemfahamu namba ya kitambulisho chake, jina la mama yake na namba yake ya siri, na mara nyingi vyote huachwa ndani ya kompyuta inayotumiwa na mtaa mzima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022, na ni vigumu kuona itakavyomlinda mtu ambaye mfumo wenyewe umemlazimisha kuzisema siri zake kwa sauti. Hatuwalaumu vijana wa steshenari. Wengi wao wanafanya kazi ambayo ofisi ilipaswa kuifanya.

Yako mema ya kusifiwa. Huduma za *152*00# hupatikana hata kwa kitochi, pasipo kioo cha kugusa wala bando, na waliozianzisha walimfikiria mwananchi. Wapo wengi ambao hawatanunua simu janja mwaka huu wala mwakani. Muungano huu wa mifumo usiwe kisingizio cha kuwaacha.

Iko pia tahadhari moja ya kisiasa. Mifumo inapoungana, mwenye mfumo huwa mlinzi wa mlango mmoja wa kupitia watu wote. Mwaka 2019 Marekani iliiwekea vikwazo Huawei ya China, na simu mpya za kampuni hiyo zikakosa huduma za Google. Ikalazimika kuendeleza mfumo wake. China ina uwezo huo. Sisi hatuna, kwa hiyo huduma za Serikali zisifungwe ndani ya programu inayopatikana katika duka la kampuni moja tu. Zitengenezwe zifunguke kwa kivinjari chochote, katika chombo chochote. Kadhalika, maofisa ambao bado wanatumia Windows 10, iliyofikia ukomo wa matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, wasikimbilie kuagiza kompyuta mpya kabla ya kujiuliza kazi ipi kati ya zao inahitaji meza kweli.

Tunapendekeza jambo dogo. Kabla mfumo wowote haujazinduliwa kwa hotuba, upelekwe Majengo, na wa Visiwani upelekwe Micheweni. Ufunguliwe kwa simu ya bei ya chini, juani, mtandao ukiwa dhaifu, na ndugu mkurugenzi mwenyewe ajaze fomu mpaka mwisho bila kusaidiwa. Dakika alizotumia ziandikwe katika ripoti ya mapokezi, pamoja na idadi ya mara alizolazimika kuanza upya.