Magazeti ya Bunge Yasiishie Kufungia Maandazi

Ndugu zangu wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, wahenga walinena: mali bila daftari huisha bila habari. Mkoa wetu wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012, lakini sauti ya Usukuma katika utungaji wa sheria ina umri mkubwa zaidi. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza mwaka 1926 bila Mwafrika hata mmoja. Mwaka 1945 wakaingia wawili wa kwanza: Chifu Kidaha Makwaia wa Usiha, Shinyanga, na Chifu Abdiel Shangali wa Machame.

Anayetaka kujua wananchi walivyozipokea habari za Baraza lile, na za Bunge lililolirithi, hana budi kuyatafuta magazeti ya zamani: Mambo Leo lililoanza mwaka 1923, Kwetu la Erica Fiah la 1937, Mwafrika la 1957, Ngurumo la 1959, Uhuru la 1961.

Wapo watakaosema kwamba Taarifa Rasmi za Bunge zinatosha. Hazitoshi. Taarifa Rasmi hutunza maneno yaliyosemwa ukumbini. Gazeti hutunza pia tahariri iliyompinga msemaji, barua ya msomaji aliyemuunga mkono, na habari za pamba zilizochapishwa siku hiyo hiyo. Mjadala wa ushirika ukisomwa pamoja na hayo, kijana wa leo huelewa kwa nini babu yake alishangilia au alinung'unika.

Tuanzie nyumbani kuyatafuta magazeti hayo. Tuwaulize walimu wastaafu, waliokuwa makarani wa vyama vya ushirika, makatekista, na wazee waliokuwa makatibu wa TANU. Mzee akifariki, masanduku yake yasichomwe moto wala kuuzwa kwa kilo kabla ya kupekuliwa.

Kupata ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kutunza. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa, nayo ina asidi: jua huigeuza manjano, kisha hukatika ikiguswa. Basi gazeti lilazwe bapa, mbali na mwanga, unyevu na mchwa. Lisibandikwe selotepu, wala lisikatwe vipande. Andika kwa penseli juu ya bahasha yake lilipatikana wapi na kwa nani. Piga picha kila ukurasa, hata wa matangazo. Tena mkusanyaji mwadilifu hachomoi gazeti katika jalada la maktaba, kwa kuwa huo ni wizi wa mali ya umma.

Walimu wa historia, wapeni wanafunzi wenu kazi hii likizo ijayo. Madiwani, tengeni kabati moja lenye kufuli katika kila halmashauri. Na wewe msomaji, kabla hujamkabidhi muuza maandazi rundo la magazeti ya marehemu babu yako, soma kwanza tarehe.