Ubwiri Unga kwenye Vipandikizi vya Waridi: Madai Sita ya Kuachana Nayo

Julai ni mwezi wa baridi Arusha. Asubuhi moja nilifunua trei yangu ya vipandikizi vya waridi, 40 kwa jumla, kila kimoja kimefunikwa kwa nusu ya chupa ya maji ya kunywa. Majani machanga yalikuwa yamejikunja na kupakaa unga mweupe, laini kama wa muhogo. Ulikuwa ubwiri unga. Kufikia saa nne nilikuwa nimeshapewa ushauri na kila aliyepita kitaluni. Wote walinitakia mema, lakini kwa ushauri wa namna hiyo tunaunguza miche na kujipulizia sumu. Nayajibu madai yao moja baada ya jingine.

Dai la kwanza: "Mwanangu, huo ni unga tu. Futa kwa kitambaa, utaisha."

Unga huo ni spora na nyuzi za kuvu. Kuvu hii hutandaa juu ya ngozi ya jani, lakini huzamisha vinyonyaji vyake ndani ya seli na kujilisha humo. Kitambaa huondoa unga, huacha vinyonyaji, na hupeperusha spora hadi kwenye jani la jirani. Kwenye waridi kuna hatari zaidi: kuvu hujificha ndani ya macho ya tawi. Tawi linaweza kuonekana safi siku ya kukatwa, kisha chipukizi la kwanza likatoka limeshaugua. Kwa hiyo tiba huanzia kwenye mti mama. Kata tawi safi la mti safi. Jani lenye unga livishe mfuko kwanza, ndipo ulikate bila kulitikisa.

Dai la pili: "Unamwagilia mno. Acha maji."

Kosa hili lina mzizi wa kweli, maana kuvu nyingi huhitaji jani lililolowa ili spora zake ziote. Ubwiri unga hauhitaji. Spora zake huota bila tone la maji, na maji yakituama juu ya jani huzidhoofisha. Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi wanaujua mwenendo huo: ubwiri unga, ingawa wa kuvu nyingine ya jamii hiyo hiyo, huvamia mikorosho wakati wa kiangazi, inapochipua na kutoa maua. Unachopenda ni hewa yenye unyevu iliyosimama, kivuli, na usiku wa baridi. Hali hiyo ndiyo niliyoitengeneza mwenyewe chini ya zile chupa. Kipandikizi kisicho na mizizi ukikinyima maji unakiua. Kipe hewa: funua asubuhi na jioni kwa muda, tenganisha miche, sogeza trei penye mwanga.

Dai la tatu: "Piga salfa. Ni ya asili, haina madhara."

Salfa inafanya kazi. Mwaka 1821, mtunza bustani John Robertson alieleza huko Uingereza jinsi salfa iliyochanganywa na sabuni inavyozuia ubwiri unga wa mipichi, na hadi leo mikorosho yetu inapuliziwa salfa ya unga. Lakini salfa ni ya kukinga zaidi kuliko kutibu, kwa hiyo hupuliziwa mapema. Joto likipita nyuzi 30 hivi inaweza kuunguza majani. Dar es Salaam hufikia joto hilo siku nyingi, na chini ya chupa ya plastiki jua likiwaka hata Arusha hufikia. Usiipulize ndani ya wiki mbili za kupaka mafuta ya aina yoyote. Vumbi lake huwasha macho na kubana kifua. Mwenye pumu akae mbali. Na neno "asili" lisitulevye. Nikotini ya tumbaku ni ya asili, nayo ni sumu inayoua mtu.

Dai la nne: "Tumia magadi. Mbona tunayala?"

Magadi ya kuivishia maharage yana sodiamu kaboneti kwa wingi, ambayo ni kali kwa jani changa. Bikaboneti ya kuumulia keki ni kitu kingine. Hiyo hupunguza ubwiri unga kiasi, ila sodiamu yake ikijikusanya kwenye trei ndogo huumiza mizizi inayochipuka. Bikaboneti ya potasiamu ni nafuu kwa mmea, na nchi kadhaa zimeisajili kama dawa ya ukungu. Maziwa nayo si hadithi: mwaka 1999 mtafiti Wagner Bettiol wa Brazili alichapisha matokeo ya maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji, sehemu 1 kwa 9 na kuendelea, yaliyodhibiti ubwiri unga wa maboga machanga ndani ya nyumba ya kioo. Lakini lile lilikuwa boga lenye mizizi. Ukitaka kujaribu, anza na miche miwili.

Dai la tano: "Ongeza dozi. Dawa kali ndiyo inayoua."

Dawa nyingi za ukungu zinazopenya ndani ya mmea ni za kundi la triazoli. Huzuia kuvu kujenga utando wa seli zake, lakini baadhi yake hugusa pia homoni ya kurefuka ya mmea. Ukizidisha, kipandikizi kinadumaa wakati tunataka kitoe mizizi. Kurudia kundi moja kila mara nako huzaa kuvu sugu. Dawa za strobilurini, kundi jingine la dawa za ukungu, ziliingia sokoni mwaka 1996. Kufikia 1998 ubwiri unga wa ngano kaskazini mwa Ujerumani ulikuwa umeshazizoea. Fuata kipimo cha lebo, na ubadilishe kundi la dawa badala ya kubadilisha jina la kopo tu.

Dai la sita: "Ina mkanda wa kijani, basi ni salama."

Rangi ya mkanda kwenye lebo ya dawa hushuka kutoka nyekundu, njano, buluu hadi kijani, kufuata ukali wa sumu ya papo kwa papo ikimezwa au ikipita kwenye ngozi. Kijani hakisemi kitu kuhusu samaki wa bwawani, wala kuhusu mtu anayeivuta kila wiki kwa miaka kumi. Tena mkanda uko kwenye kopo halisi. Siku ile ile duka moja la pembejeo lilinipimia unga wa manjano ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, na maelekezo ya mdomo: "Kizibo kimoja cha soda kwa lita." Haukuwa na jina, lebo wala tarehe. Sikuutumia. Naomba nawe usikubali dawa ya namna hiyo, na usihifadhi dawa yoyote kwenye chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hasomi. Anaona chupa anayoijua.

Kabla ya kupuliza, jiulize: ugonjwa huu ni upi hasa? Dawa hii inaitwaje, na lebo inaitaja kwa mmea huu? Kiasi gani? Nani atapita hapa baada yangu? Swali moja likikosa jibu, tundika bomba.

Mimi nilifukia vipandikizi 11 vilivyozidiwa, nikafunua vilivyobaki, nikaupulizia salfa mti mama alfajiri, nimevaa glovu, miwani na barakoa ya vumbi. Viliposhika mizizi vilikuwa 26. Vile 11 dawa isingeviokoa. Vingeokolewa na mimi, kama ningekagua macho ya mti mama kabla ya kushika kisu.