Watoto Wahesabu Theluji Wasiyoijua

Mwezi wa Januari, kaskazi ivumapo na joto likawa halistahimiliki hata kivulini, si ajabu kupita penye shule ya nasari hapa Mombasa ukasikia watoto wakiimba kwa Kiingereza habari za watu watano wa theluji wanaoyeyuka mmoja mmoja. Katika shule moja tuliyoingia, ukutani palibandikwa picha ya mtu huyo wa theluji, shingoni amezungushiwa skafu. Tulimwuliza mtoto mmoja ile ni picha ya nini. Akajibu kwa yakini kwamba ni mtu wa pamba.

Jawabu hilo lilituchekesha, lakini baadaye likatutia wasiwasi. Wimbo ule haukutungwa kuwachangamsha watoto tu. Ni somo la hesabu, na tena ni somo zuri. Huko Uingereza na Marekani, msimu wa baridi kali, mtoto amekwisha kumfinyanga mtu wa theluji kwa mikono yake na kumwona akiisha jua litokapo. Aimbapo kwamba watano wamebaki wanne, hukunja kidole kimoja, naye huelewa maana ya kutoa kabla hajaandika alama yoyote. Apangapo glavu zake huhesabu mbili mbili. Akikata karatasi mfano wa chembe ya theluji huambiwa ahesabu ncha zake, nazo ni 6, kwa kuwa ndivyo theluji ijiumbavyo.

Wazo la kufundisha kwa nyimbo na michezo lina umri mkubwa. Mjerumani Friedrich Fröbel, ambaye mwaka 1840 aliipa shule yake jina la bustani ya watoto, alitoa kitabu cha nyimbo za mama na mwanawe mwaka 1844. Lakini Fröbel huyo huyo aliwapa watoto mipira na vipande vya mbao vya kushika mkononi. Wimbo na kitu vilikwenda pamoja.

Kwetu sisi umekuja wimbo, theluji imebaki huko. Mzazi hutamba kwa jirani kwamba mwanawe ahesabu mpaka 20 kwa Kiingereza. Hebu na amwekee kokoto 7 na kumwambia, "Nipe nne." Aghalabu atakumbiwa zote. Au amwulize baada ya kuhesabu, "Basi ni ngapi?" Mtoto ataanza upya, moja, mbili, tatu. Wataalamu wawili wa Marekani, Rochel Gelman na C. R. Gallistel, walieleza mwaka 1978 kwamba kuhesabu kwa kweli kwataka mtoto ajue kuwa kila kitu hupewa namba moja tu, kuwa mpango wa namba haubadiliki, na kuwa namba ya mwisho ndiyo jumla yao. Hayo hayapatikani kwa kuimba maneno matupu. Mtoto huyo aingiapo Gredi ya 1 na kukutana na kujumlisha na kutoa, hukwama, na watu humwita mzito wa kichwa.

Wala tusimcheke yule aliyeona mtu wa pamba. Mwaka 1848 Johannes Rebmann, aliyekuwa akikaa Rabai, alileta habari kwamba ameona theluji juu ya Kilimanjaro. Huko London wakatokea wanachuoni, watu wazima wenye vitabu vyao, wakakataa katakata kusadiki theluji iliyo karibu na ikweta. Ikiwa wao iliwashinda, mtoto wa miaka 4 wa Majengo au Kisauni atafanyaje?

Wako watakaosema kwamba nyimbo hizo humfungua mtoto macho aijue dunia. Hatupingi. Mwalimu na asimulie theluji kama hadithi ya nchi za mbali, lakini ahesabishe kwa kitu ambacho mtoto amekishika. Na kama ni msimu wautafuta, uko mlangoni. Kaskazi yenyewe ni mtoto wa baridi ya Asia: bara lile lipoapo, hewa yake nzito husukumwa kuja kwetu, na ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Basi kwa nini usitungwe wimbo wa majahazi matano yaliyotia nanga, na kusi ianzapo, kila ubeti moja likatweka tanga likarejea kwao? Majahazi yawe vifuu vya nazi, na watoto wenyewe wayasukume.

Vitu vya kuhesabia havihitaji fedha. Ziko kokwa za tende, ambazo baada ya Ramadhani zajaa kila nyumba. Ziko komwe, na bao lenyewe lina mashimo 32 na kete 64. Uko mdako, ambao mtoto hurusha kijiwe huku akikwangua vingine shimoni na kujua papo hapo vingapi vimebaki. Nyumbani, mtoto amwona babake akivuta tasbihi, 33 mara tatu, zikawa 99. Rakaa za faradhi za siku ni 2, 4, 4, 3 na 4, jumla 17. Hatusemi ibada igeuzwe mchezo, Mungu apishe mbali. Twasema tu kwamba hesabu hiyo mtoto ameiona kabla ya kuona ubao. Na lugha yetu nayo humsaidia, kwa kuwa asemaye kumi na moja ameisikia kumi na ameisikia moja, jambo ambalo neno la Kiingereza halimwonyeshi. Mabaharia wetu walihesabu mwaka mzima hivyo, kwa miongo ya siku kumi kumi tangu Siku ya Mwaka, miongo 36 na siku 5 za ziada.

Kwa Katiba ya mwaka 2010, elimu ya chekechea iko mikononi mwa serikali za kaunti, na mtaala waruhusu madarasa ya chini kufundishwa kwa lugha ya mahali. Twaziomba kaunti za Mombasa, Kwale, Kilifi, Lamu na Tana River ziwakalishe pamoja walimu wa nasari, maalimu wa vyuoni na bibi zetu wajuao michezo ya zamani, watunge nyimbo 20 au 30 za kuhesabia na kuzipiga chapa katika kijitabu cha bei ndogo, kiwafikie walimu kabla shule hazijafunguliwa Januari.